Mama anajua nasafiri na mwenzangu, kumbe naenda peke yangu

Shikamoo mama,

Nina miaka 28, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa sita naishi Dar es Salaam. Nauza abaya na magauni kwa simu. Wateja wananifuata WhatsApp, wa mikoani nawatumia mzigo kwa basi. Mzigo wenyewe nauchukua Kariakoo kwa mtu anayeutoa Uturuki, na kila nikikaa kupiga hesabu naona faida nono inabaki kwake, mimi naokota makombo. Mwaka jana mimi na rafiki yangu tulikubaliana twende wenyewe Istanbul. Tukacheza mchezo wa kupeana fedha, tukajinyima, tiketi tukakata, viza zikatoka. Safari ni katikati ya Novemba, siku nane.

Wiki mbili zilizopita mwenzangu alinipigia akilia. Mumewe amebadili mawazo, haendi tena.

Tiketi yangu hairudishiki fedha, na moyo wangu pia haurudi nyuma, mama. Nimeamua nitakwenda peke yangu. Kilichonikwamisha ni malazi. Tulipanga kuchangia chumba cha hoteli cha dola 60 kwa usiku. Peke yangu nikilipa hizo kwa usiku saba, nitakuwa nimekula mtaji kabla sijanunua gauni hata moja. Nikatafuta mtandaoni nikaona hosteli, kitanda dola 16. Nikaweka nafasi upesi isije ikajaa. Baadaye ndipo nikasoma vizuri: ni chumba cha watu wanane, wanaume na wanawake pamoja.

Nilimwambia kaka yangu mkubwa, na najuta kumwambia. Amesema mwanamke aliyelelewa hawezi kulala chumba kimoja na wanaume asiowajua, kwamba nitaonekana mhuni, na kwamba kwanza safari yenyewe bila maharimu, yaani mume au ndugu wa kiume wa kunisindikiza, haifai. Tangu siku hiyo hatuzungumzi vizuri.

Mama yangu ana presha. Yeye anajua naenda na mwenzangu, na ameshaniambia tufikie Tanga kwanza atuombee dua wote wawili. Nimeona nimwache aamini hivyohivyo, nikirudi salama nitamweleza. Rafiki yangu amekubali kunisaidia: siku hizo nane hataweka picha yoyote kwenye status, mama asije akamwona yuko Dar.

Sijawahi kutoka nje ya nchi zaidi ya Mombasa. Nitabeba kama dola 3,000. Je, ni wazimu ninaotaka kufanya? Hiyo fedha nitalala nayo vipi katikati ya watu nisiowajua? Na kuhusu mama, nimeamua sawa?

Mwenye Safari, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nenda. Naanza na hilo ili usiisome barua hii roho ikiwa juu. Istanbul ni mji ambao wanawake wa Kariakoo wameuzoea, wengi walianza wakiwa wadogo kuliko wewe na bila kujua neno moja la Kituruki. Kwenda peke yako hakukufanyi mwendawazimu. Lakini kuna mambo mawili katika mpango wako ambayo lazima yabadilike kabla hujapanda ndege, na moja lina uzito kuliko lingine.

Dogo ni kitanda.

Neno hosteli kwetu linaleta picha ya wanafunzi wa chuo. Kule ni nyumba ya wasafiri: unalipia kitanda, si chumba. Ukishasoma bweni huhitaji kufundishwa. Ni dabodeka zilezile, foleni ya bafu ileile, na yuleyule mtu anayepanga mfuko wa nailoni usiku wa manane watu wamelala. Tofauti ni kwamba hakuna matroni, na kila siku mbili sura zinabadilika.

Vyumba vya mchanganyiko ni vya kawaida kwao, na wengi wanaolala humo ni watu wa heshima zao waliochoka na safari. Hata hivyo wewe usilale humo. Sisemi hivyo kwa sababu ya maneno ya kaka yako. Nakufahamu kwa barua tu, lakini naona hutapata usingizi, utalala na baibui, utaogopa kwenda chooni usiku, na asubuhi utaingia madukani kichwa kizito kupatana bei na watu walioamka wazima. Hosteli nyingi zina chumba cha wanawake peke yao kwa dola mbili tatu zaidi. Badilisha leo, kabla muda wa kufuta bila kulipa haujapita.

Na ubadilishe ukiwa hapa nyumbani. Mwaka 2017 mahakama ya Uturuki iliizuia Booking.com, tovuti ya kuwekea nafasi za malazi, kuuza vyumba vya nchini humo kwa mtu aliye ndani ya nchi. Wageni wengi hawalijui hili mpaka wafike, waichukie hosteli yao, wafungue simu watafute nyingine, waone kwenye tovuti hiyo haiwezekani. Kwa hiyo toka Dar ukiwa na usiku wote saba mkononi, na jina la nyumba ya pili ya akiba pamoja na namba yake ya simu.

Katika kuchagua, soma maoni ya wanawake waliolala hapo peke yao, ya miezi ya karibuni. Yaliyoandikwa miaka mitatu nyuma yaache. Tafuta mambo matatu tu: kama mapokezi pana mtu usiku kucha, kama kila kitanda kina kabati la kufungia, na kama kuna aliyetaja kunguni. Picha za paa lenye mandhari ya bahari zisikuvute, hulali paani.

Kuhusu mtaa, utashawishika kulala Laleli kwa sababu ndiko yaliko maduka ya jumla. Mimi ningekulaza Sultanahmet, karibu na kituo cha tramu namba T1. Ni mtaa wa watalii, usiku unatulia, na kutoka hapo hadi Laleli ni vituo vitatu tu: Çemberlitaş, Beyazıt, halafu Laleli yenyewe. Asubuhi unaweza hata kutembea kwa miguu. Taksim kuna hosteli nyingi na za bei nafuu, lakini mtaa ule haulali, na kelele za muziki hazichagui mgeni wa biashara.

Ukifika chumbani, kabla hujafungua begi, inua shuka utazame mishono ya godoro. Alama ndogo nyeusi kama za kalamu ni za kunguni. Ukiziona rudi mapokezi ukaombe kitanda kingine bila kuona haya. Omba cha chini. Kisha chukua kanga yako, chomeka upindo wake chini ya godoro la juu, iache ining'inie. Una chumba chako. Mimi kanga moja ya namna hiyo imenisitiri katika miji minne. Beba na kufuli lako, maana makabati mengi hayana, na ndala za kuogea. Kopo usibebe: vyoo vya Uturuki karibu vyote vina kijibomba cha maji ndani ya bakuli.

Sasa hiyo dola 3,000. Usilale nayo. Nisemalo ni kwamba isikae muda mrefu hata mwizi akapata nafasi ya kuijua. Wageni wengi hutembea kwanza, wakanunua siku za mwisho, na wiki nzima wanazunguka na mtaji kiunoni. Wewe geuza. Siku ya kwanza zunguka Laleli na Merter, mtaa mwingine wa maduka ya jumla, bila kununua, andika bei, piga picha za kadi za maduka. Siku ya pili na ya tatu lipa. Maduka mengi ya jumla hayauzi gauni moja moja, yanauza kwa seri, yaani fungu la saizi mbalimbali kwa mkupuo, kwa hiyo piga hesabu zako kwa seri tangu hapa. Mzigo usiulete hosteli kamwe. Mwambie mwenye duka aupeleke moja kwa moja kwenye ofisi ya kago uliyochagua, kisha nenda ukauhesabu huko na uchukue stakabadhi. Usiku wa siku ya tatu fedha imeshakuwa magauni, na wewe unalala kama mtoto. Angalia kalenda pia: Jumapili soko kuu la Kapalıçarşı linafungwa.

Kwa hizo siku mbili za mwanzo unapokuwa na fedha nyingi, lala kwenye chumba cha peke yako, hata kama ni dola 60. Najua linakuuma. Lakini dola 120 za kulinda 3,000 ni bei nzuri, na usiku mitano inayobaki ya hosteli itazirudisha. Sehemu ya fedha iweke benki, uwaombe kabla ya safari waifungulie kadi yako matumizi ya nje. Inayobaki taslimu igawe mara mbili, nusu kibindoni chini ya nguo, nusu ndani ya kabati lenye kufuli. Na mwenzio wa kitanda cha pili akiuliza umefuata nini Istanbul, mwambie umekuja kutembea. Si uongo, utatembea.

Pasipoti tembea nayo hukohuko kibindoni. Mitaa ya Aksaray na Laleli polisi huwasimamisha wageni kuwauliza vitambulisho, na Mwafrika husimamishwa zaidi. Usiogope na usibishane, toa, wataangalia muhuri, watakurudishia. Hosteli nayo itaomba pasipoti ili ikuandikishe, ni sheria ya nchi, lakini wakishaichukua taarifa zako irudi mkononi mwako palepale. Anayetaka kukaa nayo kama dhamana ya funguo, mkatalie. Namba ya dharura, ya polisi na ya gari la wagonjwa ni moja, 112. Ubalozi wetu uko Ankara, mbali na Istanbul, kwa hiyo namba yao iandike kwenye karatasi.

Kuna wanaume watakaokuita barabarani, wengine kwa maneno ambayo utashukuru huyaelewi. Usigeuke. Kuna fundi wa viatu atakayeangusha brashi mbele yako. Ukiiokota na kumpa, atang'ang'ania kukushukuru kwa kukusafishia kiatu, kisha adai fedha nyingi. Iache ilipoanguka. Na yeyote anayekualika kwenda kunywa kitu mahali anapopajua yeye, hata akiwa mwungwana wa kupita, mwambie unasubiriwa.

Hayo yote ya kitanda na fedha ungeyapata hata kwa mtu mwingine. Sasa nakuja kwenye lile zito.

Mwaka 2014 nilikwenda mji huohuo, kwa mambo yangu, peke yangu. Marehemu mama yangu nilimwambia nafikia kwa Mtanzania mmoja ninayefahamiana naye. Mtanzania huyo alikuwepo kweli na namba yake nilimwachia mama, ila sikuwa nimemwambia huyo mtu lolote, na mimi nilikuwa nimelipia kitanda hosteli. Niliona kama wewe: kwa nini nimtie mzee presha bure? Nikirudi nitamweleza, tutacheka.

Siku ya nne nilikula kitu kikanichafua tumbo. Usiku nikapata homa kali, nikatapika mpaka nikaishiwa nguvu za kushuka kitandani. Simu ikazima chaji. Nililala hivyo siku moja na nusu, sijui saa, sijui mchana. Aliyeniona ni binti wa Kimorocco wa kitanda cha chini. Hatukuwa na lugha moja zaidi ya salamu na majina ya dawa. Alininunulia maji na dawa, akanitafutia supu ya dengu, akaninyanyua kichwa ninywe, akachomeka simu yangu kwenye chaja yake. Mpaka leo namwombea heri.

Simu ilipowaka ilikuwa na miito 41. Nyumbani walikuwa wamempigia yule Mtanzania, naye akasema ukweli wake: huyo hajafika kwangu na sina habari naye. Kufikia hapo hakuna mtu duniani, mwanangu, aliyekuwa na pa kuanzia kunitafuta. Mji una watu zaidi ya milioni 15. Majirani walikuwa wameshaanza kuja kukaa na mama barazani, kama wanavyokaa kwenye msiba.

Mama hakunigombeza. Aliponisikia alinyamaza muda mrefu, halafu akasema: "Kumbe nilikuwa nakuombea dua mahali ambapo hukuwepo."

Sijawahi kuambiwa neno lililoniingia kuliko hilo.

Kwa hiyo swali lako la tatu nakujibu bila kuzungusha: hapana, hujaamua sawa. Aliye peke yake ugenini si yule anayelala na wanawake saba asiowajua. Ni yule ambaye kwao hakuna anayejua amelala wapi. Sisi tuna desturi ya kuaga, na wengi mmeigeuza kuwa kuomba ruhusa, mkiona mtakataliwa mnaikwepa. Kuaga ni kumwachia mtu wako njia ya kukufuata. Mama yako ukimwaga kwa jina la mtu ambaye hayupo safarini, hujamwaga. Na huo mpango wa rafiki kuficha status siku nane, ufute leo. Mwanamke huyo ana mume, ana majirani, anaenda sokoni. Siku moja tu mtu wa Tanga akimwona Kariakoo, presha unayomkinga nayo mama itampanda mara mbili, na wewe hupatikani kumtuliza.

Nenda Tanga. Usimwambie kwa simu. Kaa naye jikoni au barazani, mwambie mwenzako amezuiwa, na kwamba wewe umeamua kwenda. Ataogopa, hilo jiandae nalo. Usishindane na hofu yake kwa maneno ya "usijali". Mpe vitu vya kushika: karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa jina la hosteli, anwani, simu ya mapokezi, namba ya ndege, siku na saa ya kutua. Mwoneshe picha za chumba cha wanawake. Mwambie utampigia saa ngapi kila siku, na uchague saa unayoiweza, kwa sababu ukikosa mara moja atakesha. Hapa una bahati: tangu 2016 Uturuki haibadilishi saa zake, na saa yao ni moja na yetu mwaka mzima. Ukimwambia saa tatu usiku, ni saa tatu yake na yako. Nunua bando au laini kabla hujatoka uwanja wa ndege hata kama ni ghali, kwa ajili ya simu hiyo moja.

Nakala ya pili ya karatasi hiyo mpe kaka yako. Ndiyo, huyohuyo. Amekosea kukuambia utaonekana mhuni, na una haki ya kumwambia limekuuma. Lakini mwambie pia kwamba kuhusu chumba cha mchanganyiko alikuwa na hoja, na umekibadilisha. Mtu aliyekasirika kwa hofu hupoa akipewa kazi. Mpe kazi: awe ndiye wa kupokea ujumbe wako kila asubuhi, na ajue la kufanya ujumbe huo usipofika. Hilo la maharimu mimi si mwanachuoni, sitalisemea. Mketi wote wawili mbele ya shekhe mnayemwamini nyote, mumuulize, kila mtu asikie kwa masikio yake.

Siku ya kufika, nakuomba utue mchana. Kama ndege yako inafika usiku, waombe hosteli wakutumie gari na ukubaliane bei kabla. Mchana panda basi la uwanjani liitwalo Havaist mpaka Aksaray, halafu tramu. Kituoni nunua Istanbulkart, kadi moja ya tramu, mabasi na vivuko, uiongeze fedha kwenye mashine. Beba sweta na koti la mvua, Novemba ya kule si ya Tanga.

Jioni ya kwanza utalia, au utakaribia. Huwa inakuja baada ya kuoga, unapokaa kitandani na kila mtu chumbani anaongea lugha yake. Usibaki hapo. Toka ukatafute kile wanachokiita lokanta, vyakula viko kwenye sinia mbele ya macho, unaonesha kwa kidole. Au ingia msikitini, sehemu ya wanawake. Sijui mahali pengine ambapo mgeni anakaa saa nzima bila kuulizwa anangoja nini.

Na mzigo ukishaondoka kwa kago, siku yako ya kwanza isiyo na kazi, shuka Eminönü alasiri ukapande kivuko cha kwenda Kadıköy, upande wa pili wa mji, bara la Asia. Ni kama dakika ishirini, kwa kadi ileile ya tramu. Kaa nje hata kama kuna baridi, nunua chai. Jua la Novemba kule linazama kabla ya saa kumi na mbili, minara yote inabaki nyuma yako. Mpigie mama kwa video. Tanga kutakuwa bado kuna mwanga, hajaswali magharibi, atakuwa barazani. Geuza simu aone.